Gari Halivuti, Waranti Haijaisha: Kuchunguza Presha ya Turbo Bila Kujitia Kitanzi

Mlima wa Mazeras haufichi siri ya mtu. Ukitoka Miritini, huku kwetu Mombasa, na gari lenye kasoro, pale litakuumbua. Langu liliniumbua Jumamosi moja ya Februari, mke na watoto ndani, safari ya Voi. Nilichomoka kulipita lori la kontena kama nilivyozoea, nikakanyaga mafuta mpaka chini, injini ikanguruma, gari likabaki ubavuni mwa lori kama lililofungwa kamba. Ikabidi nirudi nyuma yake polepole, jasho likinitoka. Gari lilikuwa na kilomita 31,000 na waranti ya miaka 3.

Jumatatu fundi jirani wa Majengo akaniambia, "Shekhe, niachie nusu saa tu nikufungulie." Ni fundi hodari, na sina shaka angeliliona tatizo kabla nusu saa haijaisha. Nilimkatalia. Gari lenye waranti likishaguswa na spana ya nje, hata kama ni klipu moja iliyolegezwa na kukazwa tena, wakala aliyekuuzia ana neno la kushika: "Hili limefunguliwa." Na mzigo wote ukarudi kwako.

Kwa hiyo katika mwongozo huu wewe ni shahidi. Utaona, utapima, utaandika na utapiga picha. Kufungua ni kazi ya aliyetia sahihi ile waranti.

Neno moja kwanza kwa wenye magari ya mtumba. Gari lililoshuka Kilindini likiwa na miaka 7 halibebi waranti ya kiwanda kuja nayo huku. Ukiwa nalo, mpe fundi wa Majengo hiyo nusu saa. Ila kama muuzaji alikuandikia dhamana yake mwenyewe, hata ya miezi 3 ya injini na gia, fuata haya haya.

Kinachopimwa ni nini

Moshi wa injini unapotoka huzungusha feni upande mmoja wa turbo. Feni hiyo imeungwa kwa mhimili na feni ya pili, inayovuta hewa kutoka kwenye chujio na kuisukuma. Hewa ikisukumwa hupata joto, kwa hiyo hupitishwa kwenye kipozeo chake kabla ya kuingia injini. Mafundi wetu hukiita intakula, na kikitoboka baada ya waranti kweli itakula. Baina ya turbo na injini kuna mabomba ya plastiki na ya mpira, klipu, sensa na vali. Presha ikikosekana, turbo yenyewe mara nyingi haina makosa, hewa imepotelea njiani.

Sisi wa Mombasa tuna bahati moja katika vipimo hivi: tuko usawa wa bahari. Hewa ya kawaida hapa ina presha ya karibu kilopaskali 101. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, ni kama 83. Namba uliyosomewa na rafiki wa Nairobi usiilinganishe na yako hivi hivi.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni presha

Kabla ya kuilaumu turbo, tazama kitufe cha ECO, kile cha kubana mafuta, ambacho hulegeza gari. Usicheke. Najua mtu aliyelalamika wiki mbili, kumbe mtoto alikibonyeza. Kisha tazama presha ya tairi, na baada ya safari fupi sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa: moja ikiwa na moto kuliko wenzake, breki imeng'ang'ania. Kama injini inapanda mizunguko kwa kasi lakini gari haliendi nayo, shuku gia.

Presha ikikosekana, gari huwa na tabia yake. Mjini, kutoka Buxton hadi Nyali, huoni tofauti kubwa, kwa sababu kwa mwendo ule injini haihitaji turbo sana. Kasoro hujitokeza ukikanyaga sana, kuanzia mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, mlimani au ukiwa na mzigo. Ule msukumo wa kukubana mgongo kwenye kiti haupo tena.

Wakati huo huo pima oili kwa kijiti, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa, na utazame maji ya kupoza kwenye chupa yake. Hayo kitabu cha gari kinakuruhusu.

Lakini kuna hali ambazo hazina uchunguzi. Taa nyekundu ya oili, moshi wa samawati mwingi, mlio kama king'ora unaopanda na injini, au chuma kukwaruza chuma: simama pembeni, zima, ita gari la kukokota. Turbo iliyovunjika inaweza kumwaga oili ndani ya njia ya hewa, na injini ya dizeli inaweza kuichoma oili hiyo na kuendelea kunguruma hata ufunguo ukiutoa.

Hatua ya 2: Kitabu cha waranti

Kisome. Wengi wetu tunakijua kwa jalada tu. Tafuta mambo matatu: muda na kilomita, na kipi kitatangulia kuisha, sevisi zinatakiwa kila kilomita ngapi, na vitu gani haviingii. Vichujio na vitu vya kuchakaa kwa kawaida haviingii. Uharibifu wa panya na wa maji ya mafuriko nao huwa nje, nao si hadithi huku kwetu, hasa gari linalolala karibu na jaa au lililopita kwenye maji ya mvua za Aprili na Mei.

Kusanya risiti za sevisi zote. Kama ulifanya moja nje, tafuta risiti inayoonyesha aina ya oili na tarehe. Risiti za mafuta pia weka za miezi miwili iliyopita, maana "umetia mafuta mabaya" ni jibu linalopendwa sana kwenye kaunta.

Hatua ya 3: Soma namba za hitilafu, usizifute

Chini ya usukani kuna soketi ya OBD, tundu la kusomea kompyuta ya gari. Kifaa kidogo cha kuchomeka kinachozungumza na simu kwa bluetooth nilikinunua barabara ya Digo kwa shilingi elfu moja na kitu. Kinasoma, na kusoma tu hakubadilishi chochote kwenye gari.

Katika programu ya simu tafuta orodha mbili: hitilafu zilizothibitishwa na zile zinazosubiri. Ya pili ndiyo muhimu kwa hadithi hii. Kompyuta ya gari nyingi huona tatizo mara ya kwanza ikaliandika kwa penseli, tuseme, na haiwashi taa mpaka ilione tena. Kwangu taa ya injini haikuwaka hata siku moja, lakini P0299 ilikuwa pale kwenye orodha ya zinazosubiri. Namba hiyo maana yake ni presha ya turbo iko chini ya iliyotakiwa. P0234 ni kinyume chake, presha imezidi. P0101 yahusu sensa inayopima hewa inayoingia, P0106 sensa ya presha, na P0045 umeme wa kidhibiti cha turbo. P0171 husema hewa imezidi mafuta.

Piga picha ya skrini. Ikiwa programu inaonyesha hali ya gari wakati hitilafu ilipoandikwa, yaani mwendo, mizunguko, joto, piga picha hiyo pia.

Kisha kuna kitufe cha kufuta. Kiache. Ukifuta unaipoteza ile kumbukumbu, na kompyuta huhesabu kilomita zilizokwenda tangu kufutwa. Fundi wa wakala akiona kilomita 12 atajua kuna mtu alipita hapo kabla yake. Na zile programu zinazoahidi kuongeza nguvu za farasi kwa kuandika upya kompyuta ya gari, usizifungue kabisa wakati waranti ingali hai.

Ukimaliza, chomoa kifaa. Kukiacha siku nzima kunaweza kunyonya betri.

Hatua ya 4: Pima barabarani

Hapa ndipo kesi hushinda au huanguka.

Katika programu chagua vitu vinne: presha ya hewa inayoingia injini, ambayo huandikwa MAP, mizunguko ya injini, joto la hewa inayoingia, IAT, na ukanyagaji wa mafuta kwa asilimia. Usichague kumi. Vifaa vya bei rahisi ni vizito, na ukivitaka kumi kila namba itakuja kwa kuchelewa, ikapita kilele bila kukiona. Washa kurekodi.

Anza na injini haijawashwa, swichi imefunguliwa. MAP isome karibu 100 au 101. Ikisema 85 hapa Mombasa, sensa yenyewe inadanganya, na hilo peke yake ni jambo la kupeleka kwa wakala. Washa injini. Gari la petroli likitulia litashuka mpaka 30 au 40 hivi, kwa sababu injini inavuta na mlango wa hewa umefungwa. La dizeli litabaki karibu na 100. Usishtuke.

Sasa barabara. Watu hukosea hapa: wanasimama uani, gia haijaingia, wanakanyaga mafuta, namba haipandi, wanasema turbo imekufa. Turbo inataka mzigo. Injini isiyo na kitu cha kuvuta haitoi moshi wa kutosha kuizungusha. Hata kwenye gereji kubwa nimeona kijana akiipima hivyo, tena kwa kujiamini.

Nilichagua njia ya Dongo Kundu, Jumapili alfajiri. Mazeras ina mlima mzuri zaidi, lakini malori yake hayakupi nafasi ya kufanya jambo mara tatu kwa usalama. Mtu wa pili akae na simu, dereva asiiguse. Gia ya 3, au ya otomatiki ifungwe kwenye 3 kwa mkono ili isishuke yenyewe. Anza mizunguko 1,800, kanyaga mpaka chini, shikilia mpaka 4,000 kwa petroli au 3,500 kwa dizeli, achia. Usivuke mwendo wa sheria. Gia ya 3 kwa magari mengi inakutosha kabla ya hapo. Rudia mara tatu, upande ule ule, mahali pale pale.

Kwa nini alfajiri? Kwa sababu ya IAT. Ukitoka kwenye foleni ya feri Likoni saa nane mchana, dakika arobaini umesimama na kiyoyozi kinavuma, hewa inayoingia injini inaweza kuwa na joto la nyuzi 60. Kompyuta nyingi hupunguza presha makusudi ili kuilinda injini. Ukipima wakati huo umejidhulumu, na wakala atakuambia hivyo hivyo, kwa haki.

Namba ikija, toa 101, kinachobaki ndicho turbo ilichoongeza. Ikisoma 128, turbo imeongeza 27 tu. Kama dizeli yako inagonga 255 na kusimama hapo hapo, usidhani imekwama: kipimo hicho cha kawaida cha OBD kina mwisho wake, na mwisho wenyewe ni 255. Gari linaweza kuwa juu ya hapo usione.

Na je, ilitakiwa kuwa ngapi? Usichukue namba ya mtaani. Kila injini ina yake. Dawa bora niliyoipata ni kulikopa gari la shemeji yangu, aina ile ile, injini ile ile, mwaka mmoja tofauti. Barabara moja, asubuhi moja, gia ya 3, mizunguko 3,000. Lake lilisoma 187, langu 128. Baada ya hapo sikuhitaji kubishana na mtu.

Sasa, kama presha yako ni sawa na ya mwenzako na bado gari halivuti, funga sura ya turbo. Tafuta mafuta, plagi, breki au gia.

Hatua ya 5: Boneti wazi, mikono nyuma

Subiri injini ipoe, saa moja au zaidi. Chukua tochi na simu yenye kamera. Unatazama tu.

Anza kwenye mdomo wa kuvutia hewa mbele: jani la mwembe, mfuko wa plastiki, kiota. Fuata njia ya hewa kutoka kwenye chujio mpaka turbo, kutoka turbo mpaka kipozeo, kutoka kipozeo mpaka injini. Simu ipenyeze kwa chini, maana mabomba mengi hupasuka upande usioonekana. Kila kiungio kitazame peke yake.

Unachotafuta ni alama ya oili. Ndani ya mabomba haya ukungu kidogo wa oili ni wa kawaida, unatoka kwenye pumzi ya injini. Penye upenyo, presha huutoa nje, vumbi letu linaunasa, na baada ya wiki kadhaa kiungio huwa na ukoko mweusi kama sufuria iliyoungua chini. Kwangu mabomba mengine yote yalikuwa makavu na ya kijivu. Moja, la chini kushoto, lilikuwa na ukoko huo kama robo ya duara, na klipu yake ilikuwa imekaa upande, sikio moja juu ya mdomo wa plastiki na jingine nje.

Tazama pia vimpira vyembamba vya hewa vinavyokwenda kwenye kidhibiti cha turbo: vimechomoka? Vina meno ya panya? Mavi ya panya juu ya injini pigia picha hata kama hayakufurahishi, ni afadhali uyajue kabla ya wao kukuambia. Na kwa kuwa upepo wetu una chumvi, tazama kingo za plagi za sensa kama kuna ukungu wa kijani. Usizichomoe.

Vipi ukiona klipu imelegea, bisibisi iko mkononi? Nakuelewa, mimi mwenyewe kidole kilinicheza. Kama uko Mombasa na gari linatembea, piga picha na uache. Kama bomba limechomoka kabisa na umekwama Mtito Andei usiku, mpigie wakala kwanza ili simu iwe na kumbukumbu, piga picha kabla, lirudishe, piga picha baada. Hakuna mwenye akili atakayekulaumu kwa kufika nyumbani.

Hatua ya 6: Sauti na moshi

Ukiwa barabarani fungua dirisha, pita karibu na ukuta mrefu, kanyaga. Ukisikia "ssss" inayokuja na mguu na kuondoka na mguu, hewa inavuja baada ya turbo. Kwenye dizeli uvujaji huo huja na moshi mweusi, kwa sababu mafuta yanaingia na hewa haitoshi. Moshi mweusi bila ile sauti, fikiria pia vali inayorudisha moshi kwenye injini, imekwama wazi.

Kugongagonga kwa chuma karibu na turbo, hasa ukiachia mafuta, mara nyingi ni kilango cha kupitisha moshi pembeni. Kikishindwa kufunga, moshi unapita bila kuizungusha feni. Gari linalozidi kudhoofika kadiri mizunguko inavyopanda, kama mtu aliyefunikwa pua, shuku ekzosi iliyoziba. Wenye dizeli mpya wanaozunguka Nyali na Tudor tu, safari za dakika kumi, chujio la masizi halipati joto la kujichoma. Soma kitabu chako kinasemaje. Kingine kitakutaka uende mwendo wa barabara kuu kwa dakika kadhaa, na hilo unaruhusiwa kabla ya kulalamika.

Usiandike hukumu kwenye daftari lako. Andika ulichosikia na ulipokisikia.

Hatua ya 7: Kwa wakala

Mara ya kwanza nilikwenda mikono mitupu. Kijana wa kaunta aliwasha injini, akatazama dashibodi. "Bosi, hii gari iko sawa. Taa haijawaka." Nikarudi nyumbani.

Mara ya pili nilikwenda na karatasi mbili. Juu ya ya kwanza niliandika: "Gari limepoteza nguvu tangu tarehe fulani, likipanda mlima, mizunguko 2,000 hadi 4,000. P0299 inasubiri, haijafutwa. MAP 128 gia ya 3, mizunguko 3,000, hewa ya nyuzi 34. Gari la aina hii hii, barabara hii hii, 187." Ya pili ilikuwa jedwali la vipimo vitatu vya kila gari. Picha ya klipu sikuitoa kwanza. Nilitaka waitafute wenyewe, maana ukimwonyesha mtu kidole chako anaweza kusema kidole ndicho kilichoilegeza.

Omba maneno yako yaandikwe kwenye kadi ya kazi kama yalivyo. "Mteja anasema gari halina nguvu" haitoshi, sentensi hiyo hufungwa kwa "tumelijaribu, liko sawa." Omba fundi aketi nawe mkaliendeshe, skana yao ikiwa imechomekwa. Skana ya wakala huonyesha kitu ambacho ya simu mara nyingi haina: presha iliyoombwa na kompyuta kando ya presha iliyopatikana. Mistari hiyo miwili ikiachana, mazungumzo yamekwisha. Omba chapa au picha ya skrini hiyo.

Wakisema ni kawaida, waombe wakuandikie hivyo, kwa tarehe na mhuri. Sauti hubadilika ghafla. Wakisema imesababishwa na wewe, omba waandike kitu gani hasa na wakuonyeshe. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupewa maelezo. Pamoja nayo kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Barua fupi kwa makao makuu ya muuzaji na kwa kiwanda, ikiwa na nakala za kadi zote za kazi, hufanya zaidi ya kelele za kaunta. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanaingia katika Mahakama ya Madai Madogo, lakini huko wengi hawafiki.

Jambo la kutokubali: kubadilishiwa turbo nzima bila kuelezwa ya kwanza ilikufa kwa nini. Kama njia ya oili imeziba, ya pili itakufa vile vile, pengine waranti ikiwa imeisha.

Langu lilikaa gereji siku mbili. Fundi mwenyewe, mtu mzima wa makamo, alitoka akifuta mikono, akaniita kando. Bomba lile hufunguliwa ili kufikia kitu kilicho chini yake, akasema, na kwenye sevisi ya 30,000 halikurudishwa sawasawa. Yaani wao wenyewe. Kadi ya kazi ilipokuja iliandikwa "klipu imebadilishwa" na hakuna zaidi. Niliomba waongeze "bila malipo, chini ya waranti" na tarehe, wakaongeza.

Jumapili iliyofuata nilirudi Dongo Kundu alfajiri, gia ya 3, mizunguko 3,000, shemeji akiwa na simu. 185. Orodha ya zinazosubiri ilikuwa tupu, nikapiga picha ya hiyo pia na kuiweka kwenye faili pamoja na kadi ya kazi.